Ukoka wa bustani ya sherehe umekuwa njano: chai ya mboji inaweza kuurudisha?

BustaniYaMama_Usa (Usa River), mwanzo wa Septemba

Habari zenu wana bustani. Naomba msaada wa wanaojua, maana hela nimeshapoteza na msimu sitaki kuupoteza.

Nina bustani ya kukodisha kwa sherehe, pembeni kidogo ya barabara ya Moshi na Arusha. Si kubwa, kama mita 20 kwa 20. Aliyeipanda ni mama yangu, mwaka 2011. Alikuwa anakuja na vipande vya ukoka kwenye kiroba kutoka kwa shangazi, anavipachika kimoja kimoja kwa kidole, jioni anamwagilia kwa keni. Baada ya miaka miwili ilikuwa zulia. Wa kwanza kufanyia shughuli pale walikuwa majirani, komunio ya mtoto wao, na mama hakuwatoza kitu.

Mama hayupo tena, bustani naiendesha mimi. Kuanzia Juni karibu kila Jumamosi kuna shughuli: sendofu, kicheni pati, kipaimara. Hema linasimikwa Ijumaa, linashushwa Jumapili, saa nyingine Jumatatu. Pale katikati wanapopita maharusi na wanaocheza muziki, ukoka umebaki nyuzi nyuzi. Kwingine umegeuka njano, na mvua ikinyesha maji yanatuama juu kama kwenye sinia.

Mbolea za viwandani na dawa sizitaki. Kisima chetu kiko chini ya bustani, hatua kama ishirini, na ndicho tunachopikia. Halafu watoto kwenye sherehe hawakai kwenye viti, wanabingirika chini tangu saa tisa mpaka giza. Mama hakuwahi kutia kitu pale zaidi ya samadi iliyooza, na mimi nataka iendelee hivyo.

Sasa mwezi wa nane alipita kijana na madumu ya lita tano, akasema ni chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekewa mboji, inaamsha udongo, ndani ya wiki mbili nyasi zimerudi. Dumu shilingi 25,000. Nikachukua mawili. La kwanza kulifungua likatoa hewa kwa nguvu kama soda iliyotikiswa, na harufu ya yai bovu. Nikamwaga hivyo hivyo bila kuzimua, kama alivyoelekeza, nusu ya bustani. Siku ya nne yakatokea madoa ya kahawia, ukubwa wa sufuria, ukoka umeungua kabisa. Kwingine hakuna kilichobadilika.

Hiyo ndiyo chai ya mboji yenyewe? Kama ipo ya kweli, naweza kuitengeneza hapa nyumbani? Nina ng'ombe wawili, mbuzi, na rundo la majani ya migomba nyuma ya banda. Na itanisaidia kabla ya vuli kuanza?

kijana_wa_Njiro

Pole dada. Weka urea ukamwagilie, siku kumi bustani kijani. Chai ni mambo ya kwenye simu.

BustaniYaMama_Usa

Asante kaka. Najua urea inafanya kazi, nimeona kwa jirani. Ila kisima ni hicho kimoja, na udongo wetu mvua kubwa ikija maji yote yanaelekea huko.

Mzee_wa_Kiwanja (Moshi)

Mwanangu, pole kwa madumu, na pole kwa mama. Mtu anayepachika ukoka kwa kidole mita mia nne, huyo alikuwa anajua anachokifanya.

Nimetunza nyasi miaka 26. Nilianza na kiwanja cha mpira cha shule, nikaenda cha gofu, sasa natunza bustani za watu wanne hapa mjini. Chai ya mboji natengeneza kwa mikono yangu tangu 2013 na mpaka leo natengeneza. Kwa hiyo nikikwambia kwamba ugonjwa wako hautibiwi na chai, siidharau chai. Nakuambia ili usinunue dumu la tatu.

Tuanze na hilo dumu. Chai ya mboji ni kitu kinachopumua. Mle ndani kuna vijidudu vinavyotaka hewa kama wewe. Ukivifungia kwenye dumu siku tatu juani, vinamaliza hewa vinakufa, wanabaki wale wanaoishi bila hewa, na hao ndio wenye gesi na yai bovu. Huenda kijana alitoka kwake na chai nzuri. Uliyoifungua wewe yalikuwa maji yaliyooza. Na kuungua kule ni ukali: kama alitumia samadi mbichi, amonia na chumvi vilikuwa vingi, na wewe hukuzimua. Usijilaumu, ulifuata ulichoelekezwa. Dumu la pili kalimwage juu ya rundo la majani ya migomba, mbali na kisima. Huko litaoza vizuri na halitamdhuru mtu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Umesema maji yanatuama kama kwenye sinia. Hapo ndipo nilipokuelewa. Chukua bisibisi ndefu, siku moja baada ya kumwagilia, uichomeke ardhini kwa nguvu ya kiganja tu, usikanyage. Fanya sehemu tatu: njia ya maharusi, chini ya hema, na kando ya uzio ambako hakuna anayepita. Pima imeingia sentimita ngapi kila mahali, uniletee hapa.

Halafu kata kipande cha ardhi kwa kisu, kama unavyokata keki, kina cha kiganja, pale penye njano. Kigeuze ukiangalie ubavuni. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza kwenye kile kiwanja cha shule, golini, na sijasahau nilichokiona. Juu kulikuwa na mizizi mikavu na vijiti vimesongamana kama sufi, unene wa kidole. Chini yake udongo wa kijivu unang'aa kama umepigwa pasi. Mizizi hai ilishuka mpaka pale, ikapinda yote, ikaenda ubavuni. Hakuna hata mmoja uliopita. Na chini ya lile tabaka, sentimita nne tu, udongo mzuri mweusi wa Kilimanjaro, una unyevu, umekaa bure. Nilikuwa nimemwagilia kiwanja kile miezi mitatu, asubuhi na jioni, na hakuna tone lililofika huko.

Viatu vya watu mia tatu kila Jumamosi na miguu ya hema vinafanya hivyo hivyo kwako. Sasa mwaga chai juu ya udongo wa namna hiyo: inakwenda wapi? Inakauka juu.

Dawa yake ni kuitoboa ardhi kwa uma. Mwendee fundi wa kuchomelea akutengenezee uma wa nondo: nondo tatu za milimita 12 zilizochongwa ncha, zitokeze sentimita 15 chini ya pau ya kukanyagia, juu mpini wa bomba. Wangu una miaka tisa. Unakanyaga, unautikisa kidogo kuja na kurudi, unachomoa, unarudi nyuma hatua nusu. Kazi hii inafanywa ardhi ikiwa na unyevu, ila isiwe tope, maana kwenye tope unatengeneza kuta ngumu ndani ya tundu. Bustani yako mtu mmoja anaimaliza kwa siku tatu na mgongo utamuuma, sikufichi.

Mara tu baada ya kutoboa unasambaza mboji. Mboji yenyewe, siyo chai yake. Ichekeche kwa wavu wa nusu inchi, isambaze unene wa nusu sentimita, kisha uifagie kwa fagio la chelewa huku na huku mpaka ncha za ukoka zote zionekane na mboji iwe imeshuka kwenye matundu. Usiufukie ukoka, utaunyima mwanga. Kwa mita mia nne ni mita za ujazo mbili, yaani toroli thelathini na kitu.

Mboji utaipata hapo hapo kwako. Rundo la kimo cha mita moja na nusu, upana hivyo hivyo: samadi, majani ya migomba yaliyokatwakatwa, majani mabichi. Kama kuna alizeti pori kandokando ya mfereji, kata uweke, inaoza haraka na ina nguvu. Lowesha mpaka ukikamua konzi moja mkononi litoke tone moja au mawili. Likianza kupika, chomeka chuma katikati dakika kumi, ukikitoa usiweze kukishikilia. Joto hilo, nyuzi 55 na kuendelea, ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya samadi. Litunze wiki mbili na zaidi katika joto hilo na uligeuze mara tano, za nje ziingie ndani, kisha liache litulie. Ukilijenga wiki hii, mwanzoni mwa Novemba una mboji, na vuli ndiyo inagonga mlango. Haikupasi kuwahi zaidi ya hapo.

Nakuomba kitu kimoja: usije ukashawishika kununua udongo wa juu wa kando ya barabara kwa sababu ni mweusi. Ndago inakuja humo, vitufe vyake vimejificha, na ndago ikishaingia kwenye ukoka utaing'oa mpaka wajukuu wako.

Na chai? Natengeneza hivi. Ndoo ya lita 20. Maji ya bomba nayaacha wazi usiku kucha klorini iondoke; ya kisima natumia moja kwa moja. Vikombe vitatu vya mboji iliyoiva, inayonukia udongo, ndani ya soksi ya nailoni. Pampu ya tangi la samaki yenye mawe mawili ya hewa, inabubujika saa 24, siku ya baridi saa 36. Umeme ukikatika nakoroga kwa mwiko kila nusu saa, na ukichelewa kurudi sana naimwaga kwenye rundo. Ikiwa tayari inanukia kama ardhi ya mvua ya kwanza. Ikinuka vinginevyo haiendi kwenye nyasi za mtu. Nazimua ndoo moja kwa nne za maji, namwagilia jua likishalala, na ndani ya saa nne tangu nizime pampu iwe imeisha.

Mwaka 2016 niligawa bustani ya mteja mmoja, kwa ruhusa yake. Nusu nilitoboa na kuweka mboji. Nusu nyingine nilitoboa, nikaweka mboji, na juu yake chai kila wiki mbili. Kisha kipande kidogo cha nyuma nikakipa chai peke yake. Miezi minne. Zile nusu mbili sikuona tofauti, wala mteja hakuona. Kile cha chai peke yake kilibaki kama kilivyokuwa. Ungetembea peku gizani ungejua umefika pale, jinsi palivyokuwa pagumu. Tangu hapo chai nawapa vipandikizi vipya na maua ya kwenye vyungu. Naona vinashika upesi. Lakini hilo nimeliona kwa macho yangu tu, sikulipima, kwa hiyo sikuuzii.

MwalimuChekechea_Limuru

Hamjambo nyote. Mzee, shukrani, nimesoma mara mbili.

Dada, naandika kwa sababu ya wale watoto wanaobingirika. Mimi nina shule ya chekechea Limuru, Kenya, na uwanja wetu ni wa majani ya kikuyu. Asili yake ni nyanda zetu hizi hizi za juu, ndiyo maana yakaitwa hivyo, na sasa yamejaa viwanja vya Afrika Kusini na Australia. Watoto wanacheza hapo kila siku, na wadogo wanatia mikono mdomoni kila wakati.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi ni molasi. Watu wengi wanaongeza molasi kwenye chai ili vijidudu viongezeke. Lakini molasi haichagui. Kama mboji haikuiva vizuri, na ile bakteria ya kinyesi ya E. koli imo hata kidogo, inakula sukari ile ile na kuongezeka. Huko Marekani bodi ya viwango vya kilimo hai iliunda kamati maalumu kuhusu chai ya mboji, ikatoa ripoti 2004. Walishauri kwamba chai iliyotiwa vyakula kama molasi isitumike kwa uhuru kwenye mazao ya kuliwa mpaka ipimwe. Bila kupimwa ihesabiwe kama samadi mbichi, yaani isubiri siku 90 au 120 kabla ya kuvuna. Wao walikuwa wanafikiria letasi. Mimi nilifikiria mikono ya watoto wangu.

Kwa hiyo pale shuleni sitii chai kwenye majani kabisa. Naweka mboji iliyoiva mara moja kwa mwaka, mwanzo wa likizo ya Agosti, na uwanja unafungwa mpaka mvua au maji ya mpira yaishushe yote. Wewe una samadi yako mwenyewe na unajua imekaa muda gani, hiyo ni bahati kubwa. Usiharakishe rundo.

Lingine: majani mnayokata mnayapeleka wapi? Mimi nilikuwa nayatoa nje yote, napatia jirani mwenye ng'ombe. Siku hizi tunakata mara kwa mara, kidogo kidogo, tunayaacha pale pale yaanguke katikati. Tukikata tusiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Mwaka wa pili tu nikaona rangi. Ng'ombe wa jirani nikamwambia pole.

Udongo_Moro (mwanafunzi wa udongo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA)

Shikamoo mzee. Nimefurahi sana kuona mtu ameweka kipande cha kulinganishia, wengi hawafanyi.

Dada, nikuongezee hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonifungua macho mimi. Nyasi za bustani, ukitaka ziwe za wastani tu, zinahitaji naitrojeni kama kilo moja mpaka mbili kwa kila mita mia za mraba kwa mwaka. Kwa eneo lako ni kilo nne mpaka nane. Sasa chukua kilo mbili za mboji uzitie kwenye pipa la chai. Tuseme nusu ya uzito wake ni maji, na kwenye ile nusu kavu naitrojeni ni asilimia 1.5. Hizo ni gramu 15. Hata kama zote zingetoka zikaingia kwenye maji, na hazitoki zote, gramu 15 umegawia mita mia nne. Ukifanya hivyo kila wiki mwaka mzima hufiki hata kilo moja.

Zile mita mbili za ujazo alizosema mzee, uzito wake ni kama tani moja na kidogo. Kwa hesabu ile ile kuna naitrojeni kilo saba hadi tisa humo. Haitoki yote mwaka wa kwanza, inatoka polepole kadiri inavyooza, na ndiyo maana haikimbilii kisimani kama urea ikikutana na mvua kubwa. Na ukiacha majani yaliyokatwa kama mwalimu alivyosema, kiasi cha robo ya mahitaji ya mwaka inarudi bila gharama.

Kitu kingine cha kuangalia ni hicho kisima. Visima vingi vya upande wa Meru vina floridi, hilo mnalijua huko, lakini maji ya aina hiyo mara nyingi yana magadi pia. Magadi yakijikusanya, udongo unaziba juu, unatengeneza ukoko, na dalili yake ni hiyo hiyo ya sinia. Kabla ya kuweka kitu, peleka nusu kilo ya udongo na chupa ya maji vikapimwe maabara. Ikionekana magadi yamezidi, jasi inasaidia kuyatoa, na jasi inakubalika kwenye kilimo hai. Isipoonekana, usiiweke.

BustaniYaMama_Usa

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimelia kidogo niliposoma pale kwenye kidole.

Nimepima jana jioni. Njia ya maharusi: sentimita 3. Chini ya hema: 4, mahali pengine 5. Kando ya uzio: 14, bisibisi yote imeingia mpaka mpini. Nikarudia nikidhani nimekosea. Kipande cha keki nacho nimekata. Ile sufi ya juu ipo, na mizizi imepinda kama ulivyosema, utadhani umekuja hapa.

Udongo na maji nimetuma kupimwa. Rundo tumelijenga leo na mdogo wangu, alizeti pori tumekata mfereji mzima.

Maswali mawili. Nifunge bustani muda gani nikishatoboa? Novemba na Desemba nina Jumamosi tatu zimeshalipiwa kianzio. Na chini ya mwembe ukoka haujawahi kukaa hata enzi za mama, pale nifanye nini?

Mzee_wa_Kiwanja

Marahaba mwanangu.

Funga wiki sita. Nne ni za lazima, mbili ni za heshima. Wale watatu wapigie mapema uwaambie ukweli, atakayekubali kusogeza atasogeza, asiyekubali mrudishie kianzio chake. Najua ni hela. Ila hema moja juu ya ardhi iliyotobolewa juzi, kazi yote imerudi sifuri.

Na ukifungua, hema lisisimame pale pale kila wiki. Bustani yako ni mraba, una pande nne. Lihamishe. Njia ya maharusi nayo ihame na hema.

Ukitaka kutumia bomba la mgongoni kwa chochote, liwe jipya. Lililowahi kutiwa dawa ya magugu usiliguse, hata lioshwe mara kumi. Nimeona ua zima la waridi likijikunja kwa sababu hiyo.

Mwembe sina jibu zuri. Ukoka unataka jua.

BiMwera_Unguja

Assalaam alaykum. Mwanangu, chini ya mwembe panda ukoka wa Pemba, ule wa majani mapana. Ukoka mwembamba kivulini haukai, hata uupe nini. Huu wetu unastahamili kivuli na hata maji ya chumvi. Kwangu Mwera uko chini ya mwembe na mfenesi na watoto wa madrasa wanaukalia kila alasiri. Ila usiukate mfupi, uache vidole vitatu au vinne, na chini kabisa ya shina usilazimishe kitu. Tandaza majani makavu, weka benchi. Kwenu huko juu kuna baridi, utakwenda polepole, anza na kipande kidogo kwanza uone.

BustaniYaMama_Usa, katikati ya Januari

Heri ya mwaka mpya nyote. Niliahidi nitarudi.

Majibu ya maabara yalitoka: magadi yapo kwenye maji, lakini udongo bado uko salama, kwa hiyo jasi sikuweka. Wameniambia nitegemee maji ya mvua ninapoweza. Nimeweka tangi chini ya paa la banda.

Uma alinitengenezea fundi wa hapa Usa. Mimi na mdogo wangu tulitoboa siku nne, si tatu. Siku ya pili kwenye njia ya maharusi tulikuwa tunapanda juu ya ile pau wote wawili ndipo iingie. Mboji ilikuwa tayari wiki ya kwanza ya Novemba, nyeusi, inavunjika mkononi, ndani yake hata jani la mgomba hulioni. Haikutosha. Tulipata toroli 22. Tukaweka zote katikati na chini ya hema, kando ya uzio tukaacha.

Wateja wawili walikubali kusogeza. Mmoja alichukua hela yake, na aliongea maneno makali, sikumjibu.

Chai nilitengeneza ndoo moja tu, bila molasi, nikawapa vipandikizi nilivyojazia yale madoa yaliyoungua. Harufu ilikuwa kama mzee alivyosema. Vimeshika vyote isipokuwa vitatu, lakini mvua ilikuwa inanyesha kila siku, kwa hiyo sijui ni chai au ni mvua.

Leo asubuhi nimepima tena. Njia ya maharusi sentimita 9. Chini ya hema 11. Maji hayatuami, mvua ya juzi ilinyesha saa zima, na ilipokatika, nusu saa baadaye, nilipita na kandambili hazikulowa. Nimekata keki nyingine pale pale pa mwanzo. Kwenye tundu la nondo kuna mboji bado, nyeusi, na mizizi imeshuka ndani yake mingi, myeupe, membamba kama uzi wa kushonea, imepita lile tabaka la kijivu na kutokea chini. Nimekaa pale nimeishika hiyo keki mkononi muda mrefu.

Rangi bado haiko sawa kote. Katikati kuna sehemu kama meza mbili ambazo ni wazi kabisa, nimepachika vipande kwa kidole. Rundo la pili tumeshalijenga kwa ajili ya masika.

Mzee_wa_Kiwanja

Sentimita 9 kutoka 3 kwa miezi miwili! Mwanangu umefanya kazi. Toboa tena mwezi wa tatu, kabla mvua hazijawa nzito, njia ya maharusi tu.

Unakata kimo gani?

BustaniYaMama_Usa

Sentimita tano, mzee. Fyekeo nimeliweka stoo, nakodi mashine kila baada ya siku kumi, na majani tunayaacha pale pale. Mbuzi ndiye amekasirika.